Kiti cha mtoto kutoka Marekani, nakifungaje kwenye IST? Na dogo aangalie mbele au nyuma?

BabaGift_Bunju

Habari za mida wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana hapa nyumbani kila mtu na lake. Kijana wetu ana miezi saba, juzi kliniki kapima kilo 8 na nusu, na mwezi wa kumi na mbili kama kawaida ya Wachagga tunapanda Moshi, safari hii na gari letu wenyewe sio basi. Gari ni IST, ile ya kwanza kwanza. Sasa dada yake waifu yupo Texas, katutumia kiti cha mtoto cha gari kwenye mzigo wa meli, alikitumia kwa mwanae, ukikiangalia ni kama kipya ila kitabu chake hakipo na stika zote zimeandikwa paundi na inchi. Jana nimekiweka siti ya nyuma nikapitisha mkanda wa gari nikaufunga, lakini nikikishika kinaenda kushoto kinarudi kulia, hakitulii hata kidogo.

Maswali yangu. Naweza kukiweka mbele pembeni yangu? maana asubuhi huwa niko na dogo peke yangu nampeleka kwa shangazi yake Boko na akilia nataka nimuone. Alafu anatakiwa aangalie mbele au nyuma, jirani yangu anasema akishatimiza miezi sita unamgeuza anaangalia mbele. Na la mwisho ndo zito, mama mkwe yupo kwetu anatusaidia kulea, kaniona nahangaika na mikanda akasema mjukuu wake hafungwi kama mbuzi wa mnadani, atampakata mwenyewe mpaka Moshi, yeye kalea saba na wote wapo. Namheshimu mno mama, sitaki maneno, ila nataka niwe na cha kumwambia.

mama_wawili

Hongera kwa kuuliza mapema baba Gift, wengine wanauliza wakishafika Segera.

Mbele hapana. Nenda kwenye gari sasa hivi shusha ile ngao ya jua ya upande wa abiria, kama haijabanduliwa utakuta stika yenye picha ya kiti cha mtoto kimepigwa alama nyekundu ya kukataza, maandishi ya Kijapani lakini picha inajieleza. Gari nyingi hizi tunazoagiza Japani zina eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) ya abiria na hazina swichi ya kuizima. Kiti kinachoangalia nyuma ukikiweka pale mgongo wake unakuwa karibu kabisa na dashibodi, eabegi ikifumuka (na inafumuka haraka kuliko unavyopepesa jicho) inakipiga kile kiti kwa nyuma, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Ajali ndogo tu ya kugongana kwenye foleni, ambayo wewe ungeshuka ukaanza kugombana na mwenzio, inaweza kumuua.

Kumuona, nunua kile kioo kidogo kinachofungwa kwenye mto wa kichwa wa siti ya nyuma, unamuona kupitia kioo chako cha ndani. Ila hata bila kioo, mtoto akilia acha alie, tafuta sehemu salama simama ndo ugeuke. Barabara ya Bagamoyo asubuhi na zile bodaboda sio mahali pa kugeuza shingo kuangalia nyuma.

Mbele au nyuma: aangalie nyuma, na aendelee hivyo kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote na pingili za shingo bado hazijakomaa kuwa mfupa kamili. Gari likigonga mbele kila kilichomo ndani kinaendelea kwenda mbele. Mtoto anayeangalia mbele mikanda inamshika mabegani, mwili unabaki, kichwa kinatupwa na mzigo wote unabebwa na shingo. Anayeangalia nyuma, mgongo na shingo na kichwa vyote vinalalia kiti kwa pamoja. Hii sio habari mpya, kuna profesa wa Sweden anaitwa Bertil Aldman alitengeneza kiti cha kwanza cha namna hii 1964, wazo alilipata kwa wanaanga wanavyolazwa chali chombo kikipaa. Wasweden mpaka leo watoto wao wanaangalia nyuma hadi miaka minne hivi.

Kipara_wa_Ilala

Mambo ya kizungu haya. Sisi tumekua tunapandishwa nyuma ya Land Rover 110 juu ya magunia ya mkaa na tupo hapa tunachati. Mtoto anapakatwa na mama yake, basi. Hela ya kiti nunua mbuzi huko Moshi.

Mzee_wa_Kava

Kipara kaka, ambao hawakufika hawawezi kuingia humu kukujibu.

Mleta mada, mimi nashona kava za siti Sinza, ngoja nikwambie kitu ambacho wengine watakiruka. Hizo IST, Passo, Vitz, nyingi zikija kwangu mwenye gari anasema fundi funika zote nyuma ipendeze, hakuna anayefunga mkanda nyuma. Basi vile vifungio vya mkanda vya siti ya nyuma tunavilaza chini ya kava, vingine vinazama kabisa kwenye upenyo wa siti. Wewe umesema umefunga mkanda, je una uhakika kifungio ulichotumia ni cha upande huo? Nimeshakuta mtu kachomeka ulimi wa mkanda wa dirishani kwenye kifungio cha katikati, unaingia ila unakaa upande, mkanda unapita kimshazari. Hapo kiti lazima kicheze.

Fanya hivi. Toa kava ya siti ya nyuma yote, sio kuikunja, itoe. Kava za ngozi zinateleza na sponji tunayoweka chini inabonyea, leo umekaza kesho imelegea. Ukishatoa, ingiza vidole kwenye makutano ya kiegemeo na kikalio, upande wa kushoto na wa kulia. Kama gari lako lina ISOFIX, yaani vyuma vya kunasia kiti cha mtoto, utagusa vyuma viwili, unene milimita 6, vimeachana sentimita 28. Wakati mwingine kuna alama ndogo ya kitambaa juu yake. Japani imekuja kuwa lazima kwa gari mpya 2012 kwa hiyo gari la zamani linaweza kuwa navyo au lisiwe navyo, usiniulize, gusa.

Alafu mkanda wenyewe. Uvute wote mpaka mwisho kabisa, taratibu, kisha uuachie urudi. Kuna mikanda ukifanya hivyo inarudi na mlio, ka ka ka ka, na inagoma kutoka tena mpaka irudi yote. Hiyo inashika kiti vizuri. Mingine inarudi kimya, na ukiuvuta unatoka tu, maana yake unakaza pale tu gari linapopigwa breki. Ukijua wako ni upi utakuwa umemaliza nusu ya kazi.

mdau_Houston

Naongezea kwa huo wa Mzee wa Kava maana ndo penyewe. Viti vya huku Marekani vimetengenezwa kwa gari za huku ambazo mikanda yake karibu yote ni hiyo ya ka ka ka. Ukikipeleka kwenye gari la Japani lenye mkanda wa kimya, unakifunga leo, ukikata kona mbili tatu kimelegea. Dawa yake angalia kwenye mwili wa kiti sehemu mkanda unapopita, viti vingi vina kibanio cha plastiki au mdomo unaofunguka na kujifunga juu ya mkanda, huo ndo unakaza. Kama hakina, ile mikanda mifupi yenye ndoano inayotoka kwenye kiti chenyewe unaweza kuinasisha kwenye vile vyuma vya ISOFIX, kama vipo. Moja kati ya hizo, sio zote mbili kwa pamoja, labda kitabu kiseme. Kitabu unakipata kwenye tovuti ya kampuni, angalia stika kuna namba ya modeli, andika hiyo namba na utapakua bure.

Kukaza: weka goti au uzito wa mkono ndani ya kiti, bonyeza, huku unavuta mkanda. Alafu kishike pale pale mkanda unapopita (sio juu kichwani, juu kitacheza tu) ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2 na nusu. Na fanya hii kazi gari likiwa sehemu tambarare kwa sababu kiti kina mstari au kipovu pembeni cha kuonyesha ulalo, ukifungia kwenye mteremko kinakudanganya.

Mtoto mwenyewe: akiwa anaangalia nyuma mikanda itoke usawa wa mabega au chini kidogo ya mabega. Ukishafunga jaribu kubana mkanda kwa vidole viwili pale begani, ukiweza kuukunja, bado umelegea, vuta. Ile klipu ya kifuani ikae usawa wa makwapa, watu wengi wanaiacha tumboni. Miguu kugusa kiegemeo cha siti ya gari sio tatizo, atakunja kama chura. Anakuwa ameshakizidi kiti akifika uzito wa mwisho ulioandikwa, au kichwa kikibakiza chini ya sentimita 2 na nusu kufika ukingo wa juu. Kilo 8 na nusu ni paundi 19 kasoro kidogo, viti vingi vya huku vinapeleka watoto wakiangalia nyuma mpaka paundi 40, kwa hiyo ana safari ndefu bado.

Ila kabla ya yote hayo muulize shemeji yako kitu kimoja bila kuzunguka: hiki kiti kilikuwepo kwenye gari siku ya ajali yoyote? Kiti kikishapita kwenye ajali ya maana hakifai hata kama huoni ufa. Na tafuta tarehe. Viti vya huku vina tarehe ya kutengenezwa na vingi vina tarehe ya kuacha kutumia, ipo kwenye stika au imechongwa kwenye plastiki chini.

Njeri_Naks

Poleni nimeingilia mkutano wa Bongo, mi niko Nakuru. Huyo jirani wa miezi sita anachanganya vitu, na najua penye ametoa hiyo story. Viti za Europe za zamani kidogo, zile za R44 (ile standard yao ya zamani ya viti za watoto), zinagawanywa kwa uzito. Group 0+ ni mpaka kilo 13, group 1 ni kilo 9 mpaka 18. So muuzaji anaona kilo 9 anakuambia mama geuza mtoto. Kilo 9 ni ile ya chini kabisa yenye kiti inakubali, sio order. Kuna mtoto anafika hapo akiwa na miezi saba, ni mnono tu, shingo bado ni ya miezi saba! Hizi mpya za R129 walitoa hiyo ujinga, zinaenda na urefu na mtoto lazima aangalie nyuma mpaka apitishe miezi 15 at least.

Kama utanunua mtumba, tafuta stika ya orange. Iko na herufi E kwa duara na namba kando yake, hiyo namba ni nchi yenye ilipitisha, E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, E43 ni Japani. Chini kuna namba ndefu. Kwa hizo za R44 ikianza na 04 ama 03 uko sawa, ikianza na 01 ama 02 achana nayo, hizo Ulaya zilikatazwa tangu 2008. Hakuna stika? Wacha hapo hapo kwa meza, hata kama ni bei ya kutupa. Hata vua kitambaa uone ile kitu nyeupe nyepesi ya ndani, kama imepasuka rudisha.

Na please, please, zile za kitambaa tupu zinauzwa online, ni kama mto umeshonewa mikanda, haina ganda la plastiki, unaifunga na kamba nyuma ya siti. Hiyo sio kiti. Uingereza ni kosa kuiuza. Kwa gari ikigonga inapasuka mtoto anatoka nayo.

nesi_Rehema

Nimeona hakuna aliyemgusa mama mkwe, mnamuogopa 😀

Baba Gift, usimwambie mama kuwa amekosea kulea, hajakosea, wakati ule gari lenyewe lilikuwa la mtaa mzima na lilienda mwendo wa pole. Mwambie kuhusu uzito. Gari likiwa 50, mwendo wa pale kwenye vibao vya vijijini, likagonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 8 na nusu anavuta kwa nguvu ya mara 30 hivi ya uzito wake. Hiyo ni kama kilo 250. Hakuna bibi wala baunsa wa kushika kilo 250 mikononi. Na akimkalisha mapajani alafu wakafunga mkanda mmoja wote wawili ndo mbaya zaidi kwa sababu mwili wa mtu mzima unamminya mtoto kwenye mkanda. Mbeleko hivyo hivyo, na vile vibebeo vya kifuani hivyo hivyo.

Shika na hili la Wamarekani, NHTSA yao ya usalama barabarani inasema kiti kikitumika vizuri kinapunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja kwa asilimia 71, na wa mwaka mmoja mpaka minne asilimia 54. Kwenye chanjo tunazozipanga foleni kliniki tunashukuru kwa namba kama hizo.

Mpe mama kazi. Kukagua klipu na mikanda kabla gari halijawaka iwe ni yake, akisema bado hakuna kuondoka. Kina mama wa umri ule wakishapewa usimamizi hawakosei.

Sasa mtoto mwenyewe, kuna mambo. Ukimlaza kwenye kiti angalia kidevu kisigande kifuani, watoto wadogo wakikaa hivyo njia ya hewa inajikunja. Ndo maana tunashauri asikae humo zaidi ya masaa mawili mfululizo, na kwa mtoto mchanga wa wiki chache nusu saa inatosha, aliyezaliwa kabla ya wakati muulize daktari kabisa. Mkifika nyumbani amelala usimuache aendelee kulala kwenye kiti ukakibeba ndani ukakiweka sebuleni, mtoe, alale kitandani chali. Kunyonya ni gari likiwa limesimama. Najua atalia, najua mama yake ataumia, lakini simameni. Kutoka Bunju mtapita Bagamoyo mtokee Msata, hapo simameni, Segera, Mombo, Same, pote pana pa kukaa na kivuli.

Joto nalo. Kile chuma cha kifungio kikipigwa na jua la Dar kinaunguza kweli kweli, kiguse kwanza kwa mkono wako ndo umkalishe mtoto. Gari likiwa limepaki tandika kanga juu ya kiti, lakini mtoto akishakaa toa hiyo kanga, usimfunike juu kuzuia jua maana unamzuia hewa. Na mkifika huko juu Kibosho au Marangu na baridi ya asubuhi msimvishe jaketi nene ndani ya mikanda, litabonyea na mikanda italegea. Mvishe nyepesi, mfunge, alafu blanketi juu.

Kipara_wa_Ilala

Sawa nesi hizo kilo 250 nimezielewa. Ila huyo anayepanda Bolt na daladala mnamwambia nini? Au usalama ni wa wenye IST.

mama_wawili

Daladala hakuna namna kaka na huo ndo ukweli. Bolt inawezekana. Mimi mdogo wangu ana kile kidogo cha mkononi cha watoto wachanga, kinafungwa kwa mkanda wa gari tu hakihitaji ISOFIX, anashuka nacho anapanda nacho. Anamwandikia dereva mapema kwamba ana kiti anahitaji siti ya nyuma yenye kifungio kinachoonekana. Wengine wanakansel, anaita mwingine. Trafiki wetu hawakusimamishi kwa hilo, wifi yangu yupo Sharjah kule mtoto wa chini ya miaka minne bila kiti ni dirham 400, na mbele hakai mpaka afike miaka kumi au sentimita 145. Huku ni wewe na roho yako.

BabaGift_Bunju

Wakuu asanteni sana, nimefanya kazi yote leo. Mzee wa Kava Mungu akupe maisha marefu, nimetoa kava, vifungio viwili vilikuwa vimezama kwenye siti na kimoja kilikuwa na peremende iliyoyeyukia ndani, nimekisafisha kwa maji ya uvuguvugu mpaka kikatoa mlio. ISOFIX nimegusa zipo, upande wa kushoto na kulia, nilikuwa sijui kabisa. Mkanda wangu ni wa kimya.

Kiti cha Marekani kimekaa imara kwa zile ndoano. Ajali shemeji amesema hakijawahi. Ila tarehe ndo imeniangusha, chini kwenye plastiki imechongwa kisitumike baada ya Desemba 2022. Sasa hii ni kama maziwa au ni kama nguo?

mdau_Houston

Katikati hapo. Plastiki inachoka kwa joto na baridi za kwenye gari miaka na miaka, na kampuni haikipimi kiti chake zaidi ya hiyo tarehe. Kwangu mimi huwezi kukipa mtoto kiti kilichopita muda.

nesi_Rehema

Mdau wewe uko Houston, ukikosa kimoja dukani unaenda duka la pili. Huku mtu akiambiwa kiti hakifai anarudi mapajani, na mapajani pana hatari kubwa kuliko kiti kilichopita tarehe ambacho hakijawahi kugongwa. Mimi ningesema atumie hicho hicho wiki hizi za Bunju na Boko huku anatafuta kingine, na safari ya Moshi aende na kipya.

mdau_Houston

Kwa mpango huo nakubali. Kipya akikipata, hicho cha zamani akate mikanda ndo akitupe, asikiweke tu nje ya geti, kitaokotwa kesho kipo mnadani.

BabaGift_Bunju

Nimefanya hivyo. Nimepata kingine Mwenge, kipya, stika ya orange ipo, E4, namba inaanza na 04, ni kile cha kilo 0 mpaka 18, bei imeuma lakini sawa. Muuzaji naye kaniambia kilo 9 geuza, nikamwambia mpaka 13 anaangalia nyuma akaniangalia tu. Hiki hakina ndoano, kinafungwa na mkanda wa gari ila kina vibanio vyake vya kukaza na michoro ya bluu ya kuonyesha mkanda upite wapi akiangalia nyuma. Kimetulia.

Sasa limezuka lingine. Kaka yangu anataka tumpeleke mwanae likizo, ana miaka sita, kilo 20. IST nyuma tupo watatu na mkanda wa katikati ni ule wa kiunoni tu. Nani akae wapi?

Njeri_Naks

Huyo wa miaka sita anataka boosta, ile kiti ya kumuinua ndio mkanda wa gari umkae vizuri, na uchukue ile ya kuwa na mgongo. Boosta haifungwi na mkanda wa kiuno pekee, never, inataka ule wa kupita begani. Mkanda wa juu upite katikati ya bega sio shingoni, wa chini ulale kwa mifupa ya nyonga sio tumboni. Kwa sheria ya Uingereza wanakaa hivyo mpaka sentimita 135 ama miaka 12, so usiharakishe kuitoa. So yeye ni wa dirishani nyuma yako, mdogo dirisha ya upande wa pili, na katikati akae mtu mzima.

Mzee_wa_Kava

Mtoto anayeangalia nyuma akae nyuma ya abiria sio nyuma ya dereva, kile kiti kinakula nafasi na IST ni fupi. Siti ya abiria itabidi isogezwe mbele. Sasa nani mfupi kati ya waifu na mama mkwe?

BabaGift_Bunju

Mama mkwe. Waifu akae katikati amnyonyeshe tukisimama, mama mbele. Nimeenda kumwambia, nikaanza na zile kilo 250, akanikatisha akauliza kwa hiyo mimi ndo nakaa mbele? Nikamwambia ndio mama. Akasema sawa, ila AC isielekezwe kwenye magoti yake, na hiyo klipu ya mtoto anataka aonyeshwe leo leo inavyofungwa asije akaaibika mbele ya watu Msata.